Maswali yenu ya gozi: vidonda, meno, madirisha, maabara na hata mabati

Maswali ya gozi yamekuwa mengi sana, mengine ni ya vidonda na mengine hayahusu hospitali kabisa, nikaona heri niyajibu pamoja juu watu wengi wanauliza kitu kimoja kwa njia tofauti. Mimi ni nesi, kazi yangu ya kila siku hapa Kisumu ni kuosha na kufunga vidonda, kwa hivyo nikikawia kwa ya vidonda mnivumilie. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyatoa.

Sista habari. Nilitumwa chemisti ninunue gozi nikapewa bandeji, nikafika kwa kliniki nikarudishwa. Hio gozi ni nini hasa? – Mama, Nyalenda

Mama pole kwa kutembezwa. Gozi ni kitambaa chepesi ambacho nyuzi zake zimeachana, ukikiinua kwa mwangaza unaona upande wa pili. Ile ya hospitali mara nyingi ni pamba tupu iliyotolewa mafuta na kupaushwa, ndio maana ni nyeupe na inakunywa maji mara moja, tone likianguka juu yake halikai. Hayo matundu ndio kazi yenyewe. Damu na usaha vinapita na kunyonywa, hewa inaingia, lakini nguo yako na nzi na vumbi vinabaki nje.

Bandeji nayo ni ile ndefu ya kuzungusha, kazi yake ni kushikilia. Gozi inakaa kwa kidonda, bandeji inazuia gozi isianguke. Kinachochanganya watu ni kwamba bandeji nyingi za bei ya chini zimetengenezwa na kitambaa hicho hicho cha gozi, kimekunjwa tu kama roli, na nafikiri ndio sababu ukapewa hio. Siku ingine sema unataka gozi za vipande, steraili, yaani zimeuliwa vijidudu vyote, za inchi nne kwa nne, zile za pakiti iliyofungwa kila moja peke yake. Gozi ya roli kubwa ya yadi 100 ambayo unaona hospitali inakatwa na makasi, hio bado haijakuwa steraili mpaka ikatwe, ikunjwe, ifungwe na ipitie kwa mashine ya mvuke.

Kuna wanafunzi wameniuliza neno lenyewe limetoka wapi. Kiingereza kililichukua kwa Wafaransa, wao wakiita gaze tangu karne ya 16, na kabla ya hapo kuna wanaosema ni mji wa Gaza juu ya vitambaa vya huko, na wengine wanasema ni qazz, neno la Kiarabu na Kiajemi la hariri mbichi. Wataalamu hawajaafikiana. Kamusi zetu zina neno shashi, na ni neno zuri tu, lakini ukiingia chemisti ya Kondele useme shashi sidhani utapewa haraka, kwa hivyo hapa nitasema gozi.

Na gozi ya zamani ya mafundi wa kufuma ilikuwa na ufundi wake. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zinaenda mbili mbili, na kila mshindio, ule uzi wa kukatiza, unapopita zile mbili zinajipinda kwake, zinaubana. Ndio kitambaa kikawa na matundu makubwa na bado nyuzi haziteleziani. Gozi nyingi za hospitali hazina hio pinda, ni ufumaji wa kawaida ulioachanishwa tu, ndio maana ukikata pembeni inatoa vijiuzi. Hivyo vijiuzi ndio vinaingia kwa kidonda, kwa hivyo ukiikunja hakikisha ncha zilizokatwa zimeingia ndani.

Sista, nilianguka na pikipiki nikachubuka goti, nikafungwa gozi, sai imekauka imeshikana na kidonda kabisa. Boys wa steji wanasema nivute tu haraka kama plasta. Nifanye aje? – Kijana wa boda, Kondele

Kijana wangu usivute. Tafadhali. Hili ndilo swali naulizwa kuliko yote na ndilo linaniuma zaidi, juu watu wanaumia mara ya pili bila sababu.

Elewa kwanza nini kimetokea hapo. Kidonda cha kuchubuka kinatoa maji maji, yale maji yameingia kwa matundu ya gozi yakakauka humo, na ngozi changa inapoanza kukua inakua ikipitia kwa zile nyuzi. Sasa ukivuta unang'oa ile ngozi mpya, damu inaanza tena, na kazi ya siku kadhaa imeenda hivo.

Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, ama ununue maji ya chumvi ya hospitali, ile normo salaini, ya chupa. Kaa chini, weka mguu juu ya beseni, mwagia gozi polepole mpaka ilowe yote sio katikati pekee, alafu ngoja. Dakika kumi, kumi na tano, mwagia tena. Utaona rangi ya gozi inabadilika, pale palipokuwa pagumu na kahawia panakuwa laini, na pembe moja inaanza kujiinua yenyewe. Shika hio pembe, usiivute kwenda juu, ilaze nyuma iwe inaenda sambamba na ngozi, na mkono ule mwingine ushikilie ngozi ikiwa imetulia. Ikifika mahali inakataa, acha, mwagia tena. Hata ikichukua nusu saa sawa, wateja wa Kondele hawaishi.

Ikishatoka osha na maji safi yanayotiririka, sabuni ipite pembeni, toa changarawe yote uliyobeba kutoka barabarani juu ikibaki ngozi itafunika hapo na alama nyeusi. Kisha uweke gozi ya mafuta kwanza, ile imepakwa parafini laini, yaani vaselini sio mafuta ya taa, halafu ile kavu juu. Ya mafuta haishikani. Na kama hukudungwa sindano ya pepopunda, enda udungwe, usiseme ni kidonda kidogo, pepopunda haiangalii ukubwa, inaangalia uchafu. Kama mara ya mwisho ulidungwa ni zaidi ya miaka mitano na kidonda kilikuwa kichafu, unarudia.

Naweza kutumia pamba badala ya gozi? Pamba ni rahisi kupata. – Busia

Usiweke pamba moja kwa moja juu ya kidonda kilicho wazi. Inaacha manyoya yake humo na kuyatoa ni shida. Pamba ni ya kusafisha ngozi nzima, kama kabla ya sindano, ama ikae katikati ya gozi mbili. Hio ya katikati ya gozi mbili wodini tunaiita gamji, na wengi hawajui ni jina la mtu, Sampson Gamgee, daktari wa upasuaji wa Birmingham, Uingereza, aliyeitoa mwaka 1880. Aliona pamba inanyonya sana lakini inachafua kidonda, akaifungia kwa gozi. Mpaka leo kidonda kinachotoa maji mengi tunawekea hio hio.

Mtoto alimwagikiwa na chai moto mkononi, jirani akapaka kolgeti halafu akafunga na gozi kavu. Ni sawa? – Mama, Kaptembwo, Nakuru

Hapana mama, na najua jirani alikuwa anasaidia. Kolgeti, unga, yai, mafuta ya kupikia, hakuna hata moja inatoa moto kwa ngozi, zinaufungia ndani, na daktari atalazimika kuzikwangua mtoto akilia. Kitu cha kwanza ni maji baridi ya mfereji, sio barafu, yatiririke dakika 20. Ishirini ni nyingi wakati mtoto analia najua, lakini hesabu kwa saa usikadirie, juu watu wakikadiria wanatoa mkono baada ya dakika mbili. Kama mahali unaishi maji ni ya jerikeni, mwagia kwa kikombe na yarudi kwa beseni uyatumie tena. Toa bangili na nguo kabla mkono haujavimba, isipokuwa kama nguo imeshikana na ngozi, hio iachie hospitali.

Baada ya hapo funika. Gozi kavu peke yake kwa ngozi iliyoungua itashikana vibaya kuliko hata goti la huyo kijana wa boda hapo juu. Kama huna gozi ya parafini tumia ile plastiki nyembamba safi ya kufunikia chakula, ilaze juu tu usizungushe kwa kubana, ama kitambaa safi kisichotoa manyoya ukipeleka mtoto. Malengelenge usipasue. Na mkono wa mtoto, uso, sehemu za siri, viungo, ama kuungua kunakozidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe, hio ni hospitali siku hio hio.

Hio gozi ya mafuta ina historia ambayo mimi huipenda. Ilitengenezwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia na Auguste Lumière wa Lyon, Ufaransa, ndio yule yule ambaye yeye na ndugu yake walionyesha watu sinema Paris mwaka 1895. Askari walikuwa wanabadilishiwa bandeji kila siku na kila siku ngozi inang'oka, akaloweka kitambaa cha matundu kwa parafini na mafuta, ikaacha kushikana. Ni zaidi ya miaka mia na bado tunafungua pakiti ya kitu kile kile.

Nimeng'olewa jino leo asubuhi, niling'ata gozi lakini nikiitoa bado ni nyekundu, naogopa. Nibadilishe kila dakika ngapi? – Kakamega

Usibadilishe kila dakika, hapo ndipo shida iko. Kila ukiitoa kuangalia unatoa na donge la damu lililokuwa linaziba shimo. Kunja gozi safi iwe mnene, ilowe kidogo isiwe kavu kabisa, iweke juu ya shimo lenyewe sio pembeni kwa jino lingine, ng'ata kwa nguvu nusu saa mpaka dakika 45 bila kuongea. Mate kuwa na rangi nyekundu siku ya kwanza ni kawaida, tone moja la damu linapaka mdomo mzima. Masaa 24 usisukutue, usiteme teme, usinywe kitu kwa mrija, usivute sigara, na chai moto ngoja. Lakini kama umeng'ata hivo vizuri mara mbili na bado damu inajaa mdomoni, ama unakunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi, rudi kwa daktari wa meno leo, usingoje kesho.

Mbwa ameuma mtoto, nifunge na gozi kwanza ndio twende? – Siaya

Maji na sabuni kwanza, dakika 15 nzima, yatiririke ndani ya kidonda. Kufunga kunangoja, isipokuwa kama damu inatoka kwa nguvu. Halafu hospitali siku hio hio kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa ukishaanza hauna dawa, mtu anaponea kwa kuoshwa na kuchanjwa mapema.

Baba yangu ana sukari, ako na kidonda chini ya mguu miezi mingi, tunabadilisha gozi kila siku na spiriti lakini hakiponi. – Binti, Homa Bay

Binti yangu, mnafanya bidii na naiona, lakini spiriti muiache leo. Spiriti inaua vijidudu ndio, na inaua pia ile nyama changa inayojaribu kukua, pamoja na haidrojeni peroksidi, hizo ni za ngozi nzima na vyombo. Kidonda ndani kinaoshwa na salaini ama maji yaliyochemshwa yakapoa.

Halafu jambo kubwa zaidi ni hili. Mguu wa mtu wa sukari mara nyingi umepoteza hisia, anakanyaga kile kidonda kila hatua na haumwi, kwa hivyo hata mkiweka gozi nzuri namna gani anaiponda kwa uzito wake siku nzima. Lazima huo mguu upunguziwe uzito, sukari ipimwe na ishuke, na daktari aangalie kama damu inafika vidoleni na kama mfupa haujaguswa. Kama kuna harufu, rangi nyeusi, mguu umevimba ama ana homa, usingoje kliniki ya wiki ijayo, mpeleke leo. Nimeona miguu ikikatwa ambayo ingeokolewa kama mtu angekuja mapema, na kila mara familia inaniambia "lakini tulikuwa tunafunga kila siku". Kufunga peke yake hakutoshi. Na akiwa hapo nyumbani kagua ule mguu mwingine pia, kila jioni, katikati ya vidole na kisigino, tumia kioo kama haoni chini.

Naweza kufua gozi nichemshe nitumie tena? Na nikikosa kabisa? – Mumias

Iliyotoka kwa kidonda itupe, ifunge kwa karatasi ya plastiki mtoto asichezee, ama uichome, na mikono uoshe. Ukifua zile nyuzi zinasongamana, matundu yanaziba, hainyonyi tena vizuri, na huwezi kuirudisha steraili kwa sufuria.

Ukikosa kabisa, shuka ya pamba iliyochakaa ni msaada mkubwa, ile imefuliwa mpaka imekuwa laini. Kata vipande, fua, chemsha, anika juani mahali hakuna vumbi, piga pasi ikiwa moto pande zote, weka kwa mfuko safi. Sio steraili lakini ni safi, kwa kuzuia damu na kufunikia mpaka ufike kituo cha afya inatosha. Na kama ni damu inatoka kwa wingi hata leso safi uliyonayo ibonyeze hapo hapo kwa kiganja, dakika kumi bila kuchungulia, ikilowa usiitoe, ongeza ingine juu.

Sista, nimesikia watu wanasahauliwa gozi tumboni wakifanyiwa upasuaji. Dada yangu anaenda kujifungua kwa upasuaji, sisi tunaogopa. Ni kweli hufanyika? – Kisii

Ni kweli hufanyika, duniani kote, hata kwa hospitali kubwa za nchi tajiri, na ni nadra. Sitakuficha. Gozi ikishaloa damu inafanana na nyama, unaweza kuwa unaiangalia na huioni. Ndio maana ndani ya thieta, chumba cha upasuaji, kuna kazi moja ambayo haina mkubwa wala mdogo, ni kuhesabu. Kabla ya kisu kuguza ngozi, nesi wawili wanahesabu gozi kwa sauti, moja moja, zikitenganishwa kwa vidole juu mbili zinaweza kushikana zikaonekana moja, na namba inaandikwa ubaoni. Zikiongezwa katikati namba inaongezwa. Kabla ya kufunga tumbo wanahesabu tena zilizotumika na ambazo hazijatumika, na kabla ya kufunga ngozi wanarudia. Isipolingana, daktari hafungi, hata kama amechoka na ni saa tisa usiku, inatafutwa chini ya meza, kwa ndoo ya taka, kwa mashuka, na ndani ya mgonjwa.

Na hizo gozi za thieta sio kama za chemisti. Zina uzi mmoja, mara nyingi wa rangi ya bluu, umewekwa bariamu ambayo inaonekana kwa eksirei, kwa hivyo ikiwa hesabu imekataa mgonjwa anapigwa picha pale pale. Shirika la afya duniani lilitoa orodha ya usalama ya upasuaji mwaka 2008 na kuhesabu gozi, sindano na vyombo ni moja ya vitu vya kusomwa kwa sauti kabla mgonjwa hajatoka thieta.

Kwa hivyo mwambie dada aende kwa amani, na akiwa anaongea na daktari ana haki ya kuuliza kama wanatumia hio orodha, hakuna kosa kuuliza. Na baada ya kujifungua, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, homa isiyoisha, uvimbe, ama kidonda kinachotoa usaha wiki baada ya wiki, asikubali kupewa dawa za maumivu tu arudi nyumbani, aombe akaguliwe na apigwe picha. Mama anajua mwili wake, tumsikilize.

Madam, kwa maabara tuna waya gozi juu ya tripodi, kile chuma cha miguu mitatu. Mwalimu anasema inasambaza moto. Mbona inaitwa gozi kama sio ya hospitali? – Mwanafunzi wa Fomu Tatu, Bungoma

Swali zuri sana. Ni ufumaji ule ule wa matundu, nyuzi ndio zimebadilika kuwa za chuma. Mwalimu wako yuko sawa, moto wa Bunsen, lile jiko dogo la gesi la maabara, unapiga mahali pamoja, glasi ikipata moto sehemu moja na kwingine ni baridi inapasuka, sasa waya na ile duara nyeupe ya kauri katikati inachukua ule moto na kuutandaza. Zamani hio duara ilikuwa ya asbesto, ikaachwa juu vumbi lake linaharibu mapafu.

Lakini muombe mwalimu akuonyeshe kitu kingine, yeye mwenyewe akifanya, wewe usijaribu peke yako. Weka waya gozi isiyo na kauri sentimita chache juu ya Bunsen ambayo haijawashwa, fungulia gesi, washa kiberiti JUU ya waya. Utaona moto unawaka juu pekee, umekaa juu ya waya, na chini yake gesi inapita bila kuwaka, ni kama kuna ukuta hapo na hali unaona matundu. Gesi inapita, moto haupiti, kwa sababu chuma kinanyang'anya moto joto lake na gesi ya upande wa pili haifiki joto la kuwaka.

Hicho kitu kiliokoa watu. Mwaka 1812 mgodi wa makaa wa Felling, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ulilipuka ukaua watu 92, wanaume na vijana wadogo, gesi ya mgodi ikikutana na moto. Miaka mitatu baadaye, 1815, mwanasayansi Humphry Davy akafunika moto wa taa na waya gozi pande zote, mwangaza unatoka, hewa inaingia, moto haurukii gesi ya nje. Na moto wenyewe ukibadilika umbo ndani ya taa wachimbaji wanajua gesi imekuja, watoke. Ukipata swali la upitishaji joto kwa KCSE kumbuka hio taa.

Hapa Ahero mbu ni wengi juu ya mashamba ya mchele. Hio gozi ya dirisha inasaidia ama ni kupoteza pesa? – Mzee

Mzee wangu inasaidia, lakini kama utaweka dirishani pekee na juu umeacha wazi, mbu atakushukuru. Mbu wa malaria hapendi sana dirisha, anafuata harufu ya watu inayotoka pale juu, mwanya kati ya ukuta na paa, anaingilia hapo usiku mkiwa mmelala. Kwa hivyo anza na huo mwanya, uzibe wote kwa gozi ya mbu, kisha madirisha, kisha mlango uwe unajifunga wenyewe. Usizibe na udongo kabisa juu hewa lazima ipite, nyumba ya mabati bila mwanya kwa joto la Ahero hamtalala.

Ukienda hadware angalia matundu, yawe milimita moja na nusu au chini, sio ile waya ya kuku. Ya plastiki ni rahisi kukata na haishiki kutu, ya aluminiamu inadumu. Fundi aipigilie na vipande vya mbao kuzunguka, sio misumari peke yake, juu misumari inaacha pengo kila mahali na mbu anahitaji moja tu. Vumbi likijaa ipangushe na brashi, ikitoboka shona.

Na neti ya kitanda iliyotiwa dawa musiitoe ati sasa nyumba ina gozi. Hio ya dirisha inazuia, ile ya kitanda inazuia na inaua. Huku kwetu pande za ziwa malaria iko mwaka mzima, tunahitaji zote mbili. Mtoto akipata homa apimwe siku hio hio.

Fundi ameniandikia mabati "gauge 30", ni kitu kimoja na gozi? – Njoro

Hapana, hio ni geji, ni kipimo cha unene. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hivyo geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni jembamba zaidi. Hata sisi kwa sindano za kuwekea dripu kwa mishipa tunatumia kipimo cha aina hio, ile ya njano ya watoto ni geji 24, ya kijani ni 18, na ya kijani ndiyo nene. Reli pia wana geji, lakini yao ni upana kati ya vyuma viwili, ile ya zamani iliyofika Kisumu 1901 ni mita moja kamili. Kwa mabati muulize muuzaji akuonyeshe unene kwa milimita, sio kila kiwanda kinahesabu geji sawa.

Nataka kuweka kisanduku cha huduma ya kwanza kwa duka langu la kushona. Ninunue gozi ngapi na nini ingine? – Dada, Naivasha

Kwa duka la kushona ajali zenu ni sindano kwa kidole, makasi na pasi. Weka pakiti kumi za gozi steraili za inchi nne, gozi za parafini mbili tatu, bandeji mbili za roli, plasta ya kubandika, glavu, chupa ndogo za salaini, makasi ambayo hayatumiki kwa kitambaa. Salaini ukishaifungua siku hio basi, ndio maana nasema ndogo. Angalia tarehe kwa pakiti ya gozi, na hata kama tarehe bado, pakiti ikiloa au ikipasuka hio sio steraili tena, itumie kupangusa tu. Usiweke kisanduku karibu na pasi ya mvuke, unyevu unaharibu karatasi ya pakiti. Na waonyeshe wale wasichana unaofanya nao kazi mahali kiko, wajue kukifungua hata wewe ukiwa umeenda kununua nyuzi.